Kipimajoto cha kwapani kwa mtoto mchanga: uzoefu wangu wa miezi saba hapa Tanga

Mwanangu wa pili alizaliwa mwezi Januari, wakati wa kaskazi, majira ambayo hapa Ngamiani hata ukuta wa chumba hushikika vuguvugu usiku wa manane. Kila nilipomshika nilijiuliza kama ana homa au ni joto la chumba na kanga niliyomfunika. Mama mkwe wangu, aliyelea watoto sita, humgusa shingoni kwa nyuma ya kiganja na mara nyingi hupatia, lakini kiganja hakitoi namba, na nesi ukifika kwake jambo la kwanza atakalokuuliza ni namba.

Kwa hiyo nilinunua bunduki ya kupima joto, ile inayoelekezwa kwenye paji la uso bila kumgusa wala kumwamsha mtoto. Kasoro zake nilizigundua taratibu. Chombo hicho husoma joto la ngozi, kisha kutokana nalo hukadiria joto la mwili, na ngozi ya paji katika mji wenye unyevu kama wetu haitulii: jasho likikauka mbele ya feni paji hupoa, na mtoto akitoka kulalia kifua cha mama yake paji hupanda. Niliwahi kupata 36.1, kisha 37.3, kisha 36.6 ndani ya dakika kumi, mtoto akiwa amelala palepale. Isitoshe, ina kitufe cha kubadili kutoka kupima mwili kwenda kupima vitu, kama maji ya kuogea, na siku kilipoguswa bila mimi kujua nilisoma nyuzi 34 nikapata hofu kubwa isiyo na sababu.

Mtoto alipofikisha wiki sita, usiku mmoja alikataa kunyonya. Bunduki ilisoma 36.8. Mama mkwe alimgusa akaniambia, "Mwanangu, huyu mtoto anachemka, usiangalie hicho kitu." Wifi yangu wa chumba cha pili akaleta kipimajoto chake cha kidijitali, kile chembamba cha kuweka kwapani, nacho kikaonyesha 38.2. Tuliondoka usiku uleule, na hospitalini nesi alimpima kwapani kwa chombo chao akapata 38.3. Alinieleza kwamba kwa mtoto aliye chini ya miezi miwili, joto la kwapani la nyuzi 37.5 au zaidi ni dalili ya hatari, na vilevile joto lililo chini ya 35.5, na kwamba kukataa kunyonya peke yake kulitosha kunileta, hata kama kipimo kingesoma vizuri. Alitibiwa, akapona, namshukuru Mungu.

Wiki ileile nilinunua kipimajoto kama cha wifi yangu, chenye ncha laini inayopinda, kwa bei isiyofika hata robo ya ile bunduki, na hicho ndicho ninachokisifu hapa. Sifa hiyo, hata hivyo, inategemea sana namna ya kukitumia. Kwapa lazima liwe kavu, kwa hiyo hulifuta kwanza kwa kitambaa bila kusugua. Ncha huiweka katikati ya shimo la kwapa, igusane na ngozi tupu pasipo uzi wa nguo, halafu huushusha mkono wa mtoto na kuubana ubavuni. Kosa nililolifanya mwanzoni ni kukichomoa mara tu kinapolia. Kwapa lililokuwa wazi huhitaji muda kupata joto la ndani, na chombo changu hulia pale joto linapoacha kupanda kwa haraka, si pale linapofika mwisho. Siku moja kililia kwenye 36.9, nikakiacha hadi zikatimia dakika tano, kikasoma 37.3. Tangu hapo nasubiri dakika tano kwa saa, siyo kwa mlio. Mtoto aliyetoka kuoga, aliyelia sana au aliyekuwa amefungwa nguo nyingi, namwacha atulie kama robo saa kabla ya kumpima.

Jambo jingine lililonisaidia ni kumpima akiwa mzima, alfajiri na jioni kwa siku tatu, nikaandika kwenye daftari. Wangu alikuwa 36.5 alfajiri na 37.1 jioni, maana joto la mwili kwa kawaida hupanda kidogo jioni. Bila kulijua hilo ningemhangaisha bure.

Kasoro zake zipo. Mlio ni hafifu, feni ikizunguka hausikiki, na kioo hakina taa, hivyo umeme ukikatika nalazimika kukisoma kwa tochi ya simu. Mara moja kilibadilika kikaanza kusoma kwa Farenhaiti, ambako 100.4 ndiyo 38 yetu. Ncha huioshea sabuni na maji ya baridi, kisha huipangusa kwa spiriti. Maji ya moto nayaepuka.

Kile cha kioo chenye zebaki, kilichokuwa kwenye kabati la mama mkwe, tumekiweka mbali na watoto, kwani kikivunjika mvuke wa zebaki ni sumu. Cha sikioni sikukinunua kabisa, kwa sababu tundu la sikio la mtoto wa chini ya miezi sita ni jembamba mno kwa kipimo cha kuaminika.

Sasa ana miezi saba, anavuta mkono na kutaka kukitia chombo mdomoni, kwa hiyo nampima akiwa ananyonya, kwenye kwapa la upande usiobanwa na mwili wangu.