Kinda wa hoki aondoke chuoni lini? Tathmini ya huduma ya ushauri tuliyoilipia

Mwezi Machi 2025, siku nne baada ya timu ya chuo anakochezea mwanangu kutolewa kwenye mchujo, klabu ya NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni Amerika Kaskazini, inayomiliki haki zake ilipiga simu na kusema kwamba mkataba uko tayari iwapo atakubali kuacha chuo. Mwanangu ni winga. Wakati huo alikuwa na umri wa miaka 20, alikuwa amechaguliwa katika raundi ya nne ya drafti ya mwaka 2023, yaani utaratibu ambao klabu za NHL huchagua vijana kwa zamu, na ndiyo kwanza alikuwa amemaliza msimu wake wa pili chuoni. Mimi na mama yake tulikulia kwenye soka, ambako kinda akiitwa na klabu kubwa hufungasha begi siku hiyohiyo. Hoki ya barafuni ya Marekani ina taratibu nyingine kabisa, kwa hiyo tuliamua kulipia kampuni moja ya washauri, ambayo sitaitaja jina, itufanyie uchambuzi wa maandishi na kikao cha saa mbili kwa njia ya video. Naiandika tathmini hii kwa ajili ya wazazi ambao simu kama hiyo bado haijawafikia.

Nianze na kilichonifurahisha, yaani sehemu ya mikataba. Mshauri aliyetuhudumia alichukua karatasi nyeupe, akaielekeza kwenye kamera, akachora mstari mmoja mrefu na kuweka vidoti vitatu juu yake. Kidoti cha kwanza kilikuwa siku ile tuliyokuwa tukizungumza, cha pili Machi ya mwaka unaofuata, na cha tatu tarehe 15 Agosti 2027. Alieleza kwamba klabu iliyomchagua mchezaji wa chuo hubaki na haki zake hadi tarehe 15 Agosti baada ya mwaka wake wa nne wa masomo, na siku hiyo ikipita bila saini, mchezaji huwa huru kuzungumza na klabu yoyote anayoitaka. Alitoa mfano wa Jimmy Vesey, aliyechaguliwa na Nashville mwaka 2012, akamaliza miaka minne Harvard, akakataa kusaini, haki zake zikauzwa kwa Buffalo, na bado Agosti 2016 akajiunga na New York Rangers kwa hiari yake. Mwanangu, ambaye hadi hapo alikuwa kimya akizungusha kifuniko cha chupa ya maji mezani, aliinua kichwa akauliza, "Kwa hiyo baba, wenye haraka ni wao?" Kwangu mimi, swali hilo peke yake lilirudisha nusu ya ada.

Maelezo ya fedha nayo yalikuwa safi. Mchezaji anayesaini akiwa na umri wa miaka 18 hadi 21 hufungwa na mkataba wa kwanza wa miaka mitatu, mwenye miaka 22 au 23 hupewa miwili, na wa miaka 24 hupewa mmoja. Kwa waliochaguliwa mwaka 2023, mshahara wa juu kabisa katika mkataba huo ni dola 950,000 kwa mwaka, na hapo ndipo wazazi wengi huacha kusikiliza. Mshauri alitukumbusha kwamba fedha hizo hulipwa mchezaji akiwa NHL, na kwamba akishushwa AHL, ligi iliyo chini yake, mshahara wake wa msimu haufiki dola 100,000. Tulijifunza pia kuuliza jambo ambalo tusingeliwaza kamwe: mkataba unaanza msimu huu unaokwisha, au msimu ujao? Ukianza msimu huu na kijana wa umri wa mwanangu akaingia barafuni katika mchezo hata mmoja wa NHL, mwaka mmoja wa mkataba huhesabika umetumika, naye huikaribia meza ya mazungumzo ya mkataba wa pili mapema zaidi. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba wetu ungeanza msimu ujao, na kwamba wiki zilizobaki angezimalizia AHL kwa mkataba wa majaribio. Klabu ilikuwa inamtaka, ndiyo, ila haikuwa ikimhitaji msimu huo.

Huduma ilianza kupwaya tulipofika kwenye uchambuzi wa maandishi. Kurasa sita kati ya kumi na nne zilikuwa hadithi za nyota. Tulisimuliwa habari za Cale Makar, aliyechaguliwa wa nne mwaka 2017, akacheza misimu miwili chuo cha Massachusetts, na Aprili 2019, siku chache tu baada ya kupoteza fainali ya vyuo, akafunga bao katika mchezo wake wa kwanza na klabu ya Colorado. Tulisimuliwa habari za Macklin Celebrini, aliyekaa Chuo Kikuu cha Boston msimu mmoja, akatwaa tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo, kisha akachaguliwa wa kwanza kabisa mwaka 2024. Lane Hutson naye alipewa ukurasa mzima. Yote hayo ni kweli na yanasisimua kuyasoma, lakini kumpimia winga wa raundi ya nne kwa vijana hao ni kumkata mtoto kanzu kwa kipimo cha baba yake. Kama walitaka mfano wa kutufaa, Johnny Gaudreau alikuwepo: naye alichaguliwa raundi ya nne, mwaka 2011, mwili wake ulikuwa mdogo kuliko wa wenzake wote, akabaki Boston College misimu mitatu na kuondoka mwaka 2014 akiwa ndiye mchezaji bora wa vyuo nchini. Jina lake halikutokea popote.

Kasoro kubwa zaidi ni kwamba uchambuzi uliuliza kama mwanangu anaweza kuondoka, haukuuliza anakwenda kufanya kazi gani. Uliorodhesha mabao na pasi zake za mabao, ukazilinganisha na za wenzake wa rika lake, ukahitimisha kwamba "yuko tayari kwa hatua inayofuata". Mimi si mtaalamu, lakini nilichukua simu nikamuuliza kocha msaidizi wa chuo dakika ambazo kijana wangu huchezeshwa kwa mchezo mmoja. Alinitajia takriban kumi na mbili. Yuko safu ya tatu, yaani kundi la tatu la washambuliaji wanaopokezana kuingia barafuni, na timu pinzani inapokuwa na mtu nje kwa adhabu, wanaoingia kutumia nafasi hiyo ni wengine, yeye akiwa benchi. Taarifa hiyo niliipata kwa dakika tano bila kumlipa mtu.

Baada ya kuipata nilianza kuiona AHL kwa jicho jingine. Ligi ile ina michezo 72 kwa msimu, safari za basi zisizokwisha, na mabeki wenye miaka thelathini wanaolisha familia kwa kazi hiyo na wasiokusudia kumwachia kinda nafasi. Chuoni michezo ya kawaida haizidi 34, mingi ikichezwa Ijumaa na Jumamosi, na siku nyingine zote ni za mazoezi ya barafuni na chumba cha kunyanyulia vyuma. Kijana anayehitaji kuongeza kilo saba za misuli na kujifunza kuilinda kona ana nafasi ya kufanya hivyo chuoni, lakini akisafiri usiku kucha na kusugua benchi atayafanya saa ngapi? Maoni yangu ni kwamba mchezaji aondoke pale ligi ya chuo itakapoacha kumsumbua, yaani anapokabidhiwa dakika ngumu kila usiku na anazimudu, na klabu inayomwita iwe inaweza kusema wazi itamchezesha safu gani. Kwa makipa hesabu ni nyingine, kwa kuwa wao huhitaji michezo mingi. Kipa Connor Hellebuyck aliondoka chuo cha Lowell baada ya misimu miwili, akapitia AHL, na leo hakuna anayelalamika.

Kuna jambo jingine lililonikera. Tangu Novemba 2024 ilijulikana kwamba kuanzia tarehe 1 Agosti 2025 vyuo vingeruhusiwa kuwapokea wachezaji waliotoka ligi za vijana za Kanada, ambao kwa miaka mingi walizuiwa kwa kuhesabiwa kuwa si wa ridhaa. Kwa mchezaji wa safu ya tatu anayefikiria kubaki, habari hiyo ina makali pande zote mbili: ligi inakuwa ngumu na yenye faida zaidi kwake, lakini hata hizo dakika kumi na mbili zinaweza kuchukuliwa na mgeni kutoka Ontario au Alberta. Ripoti ya Machi 2025 haikuligusa kabisa suala hilo. Nilipoandika barua pepe kuulizia, jibu lilikuja baada ya siku tisa, mistari miwili, likisema mambo "yanaendelea kufuatiliwa". Kuhusu shahada yenyewe palikuwa na sentensi moja tu, na aliyeigundua ni mama yake. Haikueleza kwamba akishasaini mkataba hawezi tena kurudi kuichezea timu ya chuo, hata akirudi darasani.

Mwisho kabisa wa kikao, tukiwa tunaagana, ndipo mshauri alipotaja kwamba kampuni yake ina pia kitengo cha mawakala, na kwamba mwanangu akisaini, wangefurahi kumwakilisha. Wakala hulipwa mchezaji anaposaini. Sidai kwamba hilo ndilo lililoifanya ripoti ielemee upande wa kuondoka, lakini neno hilo lilistahili kusemwa mwanzoni, kabla hatujatoa fedha.

Ninaipa huduma hii nyota tatu kati ya tano. Kikao cha mikataba ningekilipia tena kesho. Ripoti ya maandishi nisingeilipia, na kwa anayetaka kuwatumia watu wa aina hii namshauri aombe kikao pekee, aulize kwanza kama wana mawakala, na awe ameshazungumza na kocha kuhusu dakika.

Mwanangu aliishukuru klabu, akarudi chuoni. Karatasi yenye mstari na vidoti vitatu tuliiomba itumwe, tukaichapisha na kuibandika kwenye mlango wa jokofu, na kidoti cha kwanza mama yake amekwisha kukikata kwa kalamu nyekundu.