Banda la maonyesho kwa kampuni changa: nimekodi mara mbili, haya ndiyo niliyoyaona

Natoa nyota 3 kati ya 5. Ningeandika baada ya mwaka wa kwanza, ningetoa moja, tena kwa shingo upande.

Tuko watu watatu, tunauza programu ya kufuatilia mali stoo kwa maduka madogo. Tulichukua kifurushi cha bei ya chini ambacho waandaaji huwawekea wanaoanza: meza, viti viwili, jina letu juu ya banda, siku tatu za maonyesho na ruhusa ya kuingia kongamano la wawekezaji ukumbi wa pili. Ukisoma tangazo utadhani kila kitu kimo. Umeme unalipiwa kando, intaneti kando, hata zulia kando. Kabla hujatia saini, waombe wakuandikie vitu ambavyo HAVIMO. Sisi tulivijua tukiwa tumeshalipa.

Mwaka wa kwanza tulitupwa mwisho wa korido, jirani na vyoo. Tukaweka bakuli la peremende na kalamu zenye nembo, tukangoja. Watu walikuja, na peremende ziliisha mapema. Nilirudi na kadi 180 za biashara nikijiona bingwa, lakini nilipozitandaza mezani sikukumbuka hata sura kumi. Wengi walikuwa wauzaji wenzangu waliokuja kuniuzia mimi! Tulikaa wiki tatu ndipo tukawatumia barua pepe, moja ile ile kwa wote. Wakajibu wanne, na hakuna aliyenunua. Hapo siwalaumu waandaaji.

Ninapowalaumu ni kwenye intaneti tuliyoilipia. Meneja wa maduka kadhaa alisimama bandani kwetu saa ukumbi umejaa, nami nikabaki namwonyesha kiduara kinachozunguka kwenye skrini. Akatabasamu kwa adabu, akaenda zake.

Kilichonifungua macho ni kisa cha H. J. Heinz, yule wa sosi ya nyanya. Kwenye maonyesho ya dunia ya Chicago, mwaka 1893, alipangiwa nafasi ghorofani na watu hawakuwa na hamu ya kupanda. Akachapisha vikadi, vikasambazwa kule chini: mwenye kikadi apande akachukue zawadi. Zawadi yenyewe ilikuwa kipambo kidogo chenye umbo la tango la achari. Wakapanda kwa maelfu. Kumbe kona mbaya si kifo, mradi usikae humo ukingoja.

Sisi hatukuwa na tango, ila tulikuwa na orodha ya washiriki, ambayo waandaaji huitoa wiki kadhaa kabla. Mwaka wa kwanza hata sikuifungua. Safari ya pili tuliichambua, tukachagua 25 na kumwandikia kila mmoja ujumbe wake: sentensi mbili tatu, kuomba dakika 15. Walikubali 11, wakatokea 8. Tuliwapanga asubuhi milango inapofunguliwa na jioni watu wanapopungua, maana katikati ya mchana husikilizani.

Programu tuliiweka ndani ya kompyuta ifanye kazi bila intaneti. Peremende tukaacha. Badala ya "Karibu, sisi ni kampuni ya...", nilikuwa namuuliza mpita njia: "Lini mara ya mwisho kompyuta ilikuambia bidhaa ipo, ukaenda rafuni hukuikuta?" Asiye na duka alipita. Mwenye duka alicheka, akasimama, akaanza kunisimulia mwenyewe. Nyuma ya kila kadi niliandika papo hapo alichosema na nilichomwahidi, na usiku ule ule nikamtumia. Kadi zilikuwa 41 tu. Wateja watatu, na mmoja wao ameshairudisha gharama yote ya banda ndani ya miezi mitano.

Kongamano? Mijadala ya jukwaani mingi ni watu kusifiana. Mwenzetu wa tatu, ambaye hatukumfunga bandani, alipata faida kwa kuuliza swali moja la maana na kutaja kazi yetu kwa sentensi moja. Wawili walimfuata mlangoni. Wawekezaji nao waulize mapema mara ya mwisho waliweka fedha lini kwenye kampuni ya ukubwa wako. Baadhi yao wamekuja kutazama tu, na ni afadhali ujue dakika ya pili kuliko ya arobaini.

Mwakani nimewaomba watuhamishe kutoka ile kona. Wakikataa, tutanunua tiketi tatu za wageni wa kawaida na kukutana na watu wetu kwenye viti vya korido. Miadi sita nimeshaipata.