M-Pesa kwa kipimo cha Bob Collymore

Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom, kampuni ya simu ya Kenya, kuanzia Novemba 2010 hadi alipofariki Julai 2019, hakuchoka kusema kwamba biashara inayotazama faida peke yake haijatimiza wajibu wake. Mwaka 2015 alitangaza hadharani mshahara na mali yake, jambo adimu mno kwa wakuu wa makampuni Kenya. Ni haki basi kuipima M-Pesa, huduma ya Safaricom ya kutuma pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007, kwa msimamo huo: mteja akikosea au akikwama, kampuni iko upande wa nani?

Msingi ni imara. Pesa za wateja hukaa kwenye akaunti za amana katika benki, mbali na fedha za Safaricom yenyewe. Kampuni haiwezi kuzitumia kujitanua.

Kwa kutuma, huduma bora kabisa ni Hakikisha. Ukishaweka PIN, jina la mpokeaji linatokea na una sekunde chache za kusitisha: andika herufi au tarakimu yoyote, tuma, muamala unakatika. Ukinyamaza, pesa zinaenda. Kasoro yake ni kwamba laini nyingi zimesajiliwa kwa jina la mzazi au ndugu, hivyo watu wamezoea kuona jina geni na kuliacha lipite. Kabla ya kutuma kiasi kikubwa, muulize mpokeaji laini imeandikishwa kwa jina la nani.

Ukishakosea, usipoteze muda kumbembeleza uliyemtumia. Tuma ujumbe mzima wa M-Pesa kwa 456, namba ya Safaricom ya kuomba pesa zirudishwe, papo hapo, bila kufuta neno. Kila dakika ina uzito, kwa sababu pesa zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi nzito. Tena kuna mtego ambao wengi hawaujui: mpokeaji akiwa na deni la Fuliza, mkopo mdogo wa M-Pesa, mfumo hulikata mara pesa zinapoingia, hata kama hakugusa simu. Kosa lako limelipa mkopo wa mtu usiyemjua. Pesa iliyotumwa kimakosa isingepaswa kuliwa hivyo kabla mtumaji hajapata nafasi ya kulalamika.

Fuliza yenyewe, iliyoanza Januari 2019, inakuwezesha kukamilisha muamala salio likiwa pungufu. Unalipa ada ya asilimia 1, kisha ada ya kila siku kulingana na ngazi ya deni. Ada hiyo ya siku ndiyo inayouma, maana deni dogo likilala wiki mbili gharama yake inakuwa kubwa mno ukilinganisha na kiasi ulichochukua. Oktoba 2022 ada zilipunguzwa, na madeni ya hadi shilingi 1,000 yakapewa siku 3 bila ada ya siku. Hatua njema, ila ilichelewa. Mteja aonyeshwe kwa shilingi, kabla hajakubali, deni litakuwa kiasi gani baada ya siku 10. Hapo ndipo ukuaji wa kampuni na wajibu wake vinapovutana, na kwa maoni yangu Fuliza imeegemea ukuaji.

Kwa wauzaji: usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe wa kweli unakuja kwako kwa jina MPESA, na salio lako linabadilika. Salio halijapanda, hujalipwa.

Kinga dhidi ya kubadilishiwa laini, yaani tapeli kuhamishia namba yako kwenye kadi yake, pia ipo: piga *100*100# ili laini isibadilishwe mpaka ufike dukani mwenyewe na kitambulisho. Inafanya kazi vizuri. Ingepaswa kuwashwa kwa kila mteja tangu siku ya usajili, si kumsubiri aisikie mtaani.