Microsoft Defender yatosha nyumbani, ila ina mawili yanayokera

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Uyole, Mbeya. Hesabu zote za hisa na mikopo ziko kwenye kompyuta ya mezani pale sebuleni, hiyohiyo wanangu wanayoangalizia muvi, na mpwa wangu anayesoma chuo kikuu cha MUST akija wikiendi anachomeka flashi yake bila hata kuuliza.

Natumia Defender, antivirasi inayokuja na Windows yenyewe, bure. Fundi mmoja wa Mwanjelwa alinicheka, akataka aniuzie yake ya leseni ya mwaka. Sikununua na sijutii. Zamani angekuwa na hoja, kwani kabla ya Windows 8 ya mwaka 2012 Defender ilikuwa inashughulika na programu za kijasusi tu. Siku hizi ni antivirasi kamili.

Faida yake naiona flashi ikirudi kutoka steshenari. Unapeleka barua ya mkutano ikachapwe Kabwe, unarudi nyumbani unakuta mafolda yote yamegeuka shotikati, yaani vialama vya njia ya mkato. Kirusi hicho ni cha kizamani, lakini huku bado kinatamba, maana kompyuta moja ya steshenari inachomekwa flashi za mtaa mzima. Sifungui kitu kabla ya kubofya kulia kwenye flashi na kuiskani. Defender hukikamata, hukifuta.

Sasa kero ya kwanza. Inafuta kirusi, lakini mafaili yako haikurudishii. Hayajapotea: kirusi kiliyaficha na kuyapa alama za mafaili ya mfumo, kwa hiyo flashi inaonekana tupu. Asiyejua anaiformati, na mihutasari ya mwaka mzima inakwenda na maji. Fungua Command Prompt, lile dirisha la kuandikia amri, andika attrib -h -r -s /s /d E:\*.* ukiweka herufi ya flashi yako badala ya E, yatatokeza yote. Microsoft walishindwa nini kuweka kitufe cha kazi hiyo? Nyota moja nawakata hapo.

Kero ya pili ni bando. Bila kusasishwa, Defender haivijui virusi vipya, na masasisho yanakula MB. Kwangu mpwa ndiye anayesaidia: analipakua faili la masasisho, mpam-fe.exe, kwenye tovuti ya Microsoft akiwa chuoni, analileta, nalifungua, basi.

Jambo jingine, kompyuta ikitoka kwa fundi ingia Windows Security, kwenye alama ya ngao, uangalie palipoandikwa Exclusions. Hapo ndipo huorodheshwa vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague, na wanaokraki Windows, yaani kuiwezesha bila leseni, wana tabia ya kuongeza vyao hapo. Mtu akikwambia uzime antivirasi kwanza ndipo programu yake iingie, mrudishie flashi yake.

Mashine yangu bado ni Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia bure tarehe 14 Oktoba 2025. Defender yake wameahidi kuendelea kuisasisha hadi Oktoba 2028, lakini hiyo haizibi matundu ya Windows yenyewe, na kompyuta hii ni ya zamani mno kupokea Windows 11. Mwenyekiti nimeshamdokeza kwamba tukivunja kikoba Desemba, kabla watu hawajagawana, tuzungumzie kwanza habari ya kompyuta.