Fremu za mbao za jahazi, Lamu: tazama mgongo kabla ya uso

Maduka ya Usita wa Mui, mtaa mkuu wa mji wa Lamu, huuza fremu zilizotengenezwa kwa mbao za majahazi na madau yaliyomaliza kazi. Rangi ya zamani huachwa vivyo hivyo, buluu juu ya kijani, kijani juu ya nyeupe. Nyingi huuzwa tayari zimetiwa ramani za pwani, michoro ya vyombo au picha za Amu (Lamu) ya zamani. Kwa uso hazina mpinzani, na kwa kioo cha kujitazamia ununue bila wasiwasi. Zikibeba karatasi ya thamani ni habari nyingine.

Jahazi hunywa maji ya bahari miaka na miaka, na mbao zake hupakwa sifa, yaani mafuta ya papa. Chumvi iliyobaki ndani huvuta unyevu, kwa hiyo masika yakiingia fremu hutoka jasho na karatasi huota ukungu. Lowesha kidole, sugua upande wa nyuma usio na rangi, kisha onja. Ukisikia chumvi, mbao hizo hazikuloweshwa maji matamu, yasiyo na chumvi, vya kutosha. Halafu nusa: sifa ikinuka bado, mafuta yatafika kwenye karatasi. Vichwa vya misumari yenye kutu vinapendeza kwa mbele, lakini ncha ikitokeza kwenye mfuo wa kioo (mfereji wa ndani ya fremu kinamokaa kioo), doa la kahawia halitakawia.

Picha yenyewe ikague kwa lenzi ya kukuza mara 10. Ukiona vinukta vya rangi vilivyojipanga kama maua madogo, hiyo ni nakala ya mashine ya kisasa. Mchoro wa kale uliochapwa kwa bamba la shaba una mistari isiyokatika, na pembezoni karatasi imebonyea palipokandamizwa bamba. Ile karatasi yenye Aden juu na Mombasa, Kilwa na Sofala chini yake ilitoka kwanza katika kitabu cha picha za miji cha Braun na Hogenberg cha 1572. Nakala yake inafaa sana sebuleni, mradi ulipe bei ya nakala.

Udhaifu mkubwa wa fremu hizi ni mgongo: kadibodi ya boksi, seloteepu, na picha iliyogandana na kioo. Kadibodi hiyo ina asidi, nayo huikausha na kuigeuza karatasi manjano. Mwambie fundi aifungue fremu mbele yako. Mfuo ubandikwe utepe wa foili ili mbao zisigusane na karatasi. Kati ya picha na kioo pawe na kadibodi isiyo na asidi, yenye dirisha, unene wa milimita 2. Picha ishikwe juu tu, kwa vipande viwili vya karatasi nyembamba na gundi ya wanga wa ngano, na iachiwe milimita 3 kila upande, kwani karatasi hutanuka. Ikibanwa pande zote nne itajikunja mawimbi. Mwisho, bandika vipande vya kizibo kwenye pembe za chini nyuma ya fremu, upepo upite.

Kutundika nako kuna mambo yake. Kuta za mawe ya matumbawe hazitaki msumari wa nyundo: lipu ya chokaa hubanduka bonge zima. Toboa kwa keekee ya umeme bila mtikiso, biti ya milimita 8, kina cha sentimita 6, kisha plagi na skrubu ya stenlesi. Ukuta unaotoa unga mweupe una chumvi na unyevu. Hapo pasitundikwe kitu, hasa kama umepakwa saruji juu ya chokaa. Vyumba vya nyumba za kale ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake hufuata urefu wa boriti, kwa hiyo picha kubwa iende ukuta wa mwisho, ndogo ziende kwenye kuta ndefu ambako mtu husimama karibu. Zidaka, vile vishubaka vya ukutani, waachie vyombo vya kaure.

Ukionyeshwa fremu iliyokatwa kutoka mlango wa kale wa nakshi, iache. Mlango uliochongwa kabla ya 1946 unalindwa na sheria ya Kenya, na kuutoa nchini bila kibali ni kosa.

Kwa safari ya mashua hadi Mokowe, gati la upande wa bara, kioo kibandikwe utepe kama msalaba, na fremu isimamishwe kwa ubavu. Ikilazwa chali chini ya mizigo, haifiki nzima.