Kelele ya belti na klachi kwenye kwadi: mafundi wawili, bili mbili

Mimi nanunua samaki Mayungu na kuwaleta Malindi mjini. Kutoka mashua zinapopakuliwa hadi barabarani ni mchanga mtupu. Pikipiki inazama, na mkokoteni hausogei bila vijana wawili wa kuusukuma. Ndiyo maana nikanunua kwadi (pikipiki ya magurudumu manne) ya mtumba, ya cc 150, ile isiyobadilishwa gia, ambayo mwenyewe alikuwa akiwakodisha wageni. Nyuma nimefunga kasha la barafu. Kwa kazi yenyewe inanifaa mno. Ninayotaka kueleza ni ile kelele yake, kwa sababu imenila pesa mara mbili, na najua hapa pwani si mimi peke yangu.

Ilianza kaskazi, wakati samaki ni wengi na huna nafasi ya kulaza chombo. Kila nikiondoka na mzigo, upande wa kushoto ilipiga ukelele, nyiiii, mfano wa mlango wenye bawaba kavu, halafu kwadi nzima ikatetemeka mpaka ishike mwendo. Baadaye ikaja sauti ya pili: nikisimama na injini inaunguruma yenyewe, tak-tak-tak, kama kokoto ndani ya kopo. Nikishika mafuta kidogo, hiyo ya pili inanyamaza.

Nilikwenda gereji ya kwanza mjini. Hawakuuliza inalia saa ngapi. Walitoa belti, wakatia nyingine, wakapulizia dawa ya mkebe ya kunyamazisha belti, nikalipa 3,500. Kimya kilikuwa cha siku nne. Niliporudi nikaambiwa sasa ni cheni ya ndani ya injini, injini ishushwe. Nilikataa kwa kuwa sikuwa na pesa hiyo. Asubuhi moja ya Ijumaa ikagoma kabisa mchangani na kasha limejaa: injini inanguruma, magurudumu hayaendi, harufu ya mpira ulioungua imetanda. Tulipofika barabarani barafu ilikuwa maji, na changu wangu niliwauza nusu bei.

Fundi wa pili nilielekezwa na mvuvi. Yuko Maweni, chini ya mwembe, hana hata kibao. Nilipomwambia nataka belti nyingine akanikatiza: "Dada, usinunue kitu bado. Iwashe kwanza niisikie."

Aliinua nyuma ya kwadi juu ya magogo, magurudumu yakaning'inia, akaweka nyutro, akawasha. Tak-tak-tak. Akashika mafuta, ikapotea. Akatia gia ya mbele, akashika mafuta taratibu huku amekanyaga breki kidogo, na pale pale ukelele ukatoka na mtetemo wake. Akaniambia hizo ni kelele mbili za vitu viwili, na aliyeziita moja ndiye aliyenipotezea pesa. Kisha akafungua kava ya kushoto, akatoa belti na puli ya mbele pamoja na rola zake, akawasha injini kwa sekunde chache bila hivyo. Injini iliunguruma safi. "Cheni ya ndani ingekuwa mbovu, ingepiga hata sasa." Kwa hilo tu nilikuwa nimekwisha kuokoa injini yangu isifunguliwe bure.

Kwa asiyejua, kwadi za aina hii hazina gia za kukanyaga. Kuna puli mbili zinazobana na kuachia belti moja ya mpira. Ndani ya puli ya mbele mna rola sita, na kadiri injini inavyozunguka kwa kasi ndivyo zinavyosukumwa nje na kuibana puli, belti ikapanda. Puli ya nyuma ina springi, na imeshikana na klachi: viatu vinavyofunguka kwa kasi ya mzunguko na kung'ang'ania bakuli la chuma. Hapo ndipo nguvu inapoelekea magurudumuni.

Rola zangu alizimwaga kwenye kiganja, akaniambia nizipapase. Rola nzima ina kipenyo cha milimita 18 na ni duara kamili. Zangu zilikuwa na bapa upande mmoja, nyingine mbili, ukizibingirisha mezani zinakwama. Na vile vipande vitatu vya plastiki vinavyoongoza bamba la rola vilikuwa vimelika mpaka bamba linacheza. Kwa mwendo mdogo havina kitu cha kuvibana, vinagongana. Ile kokoto ndani ya kopo ilikuwa hiyo.

Ukelele ulitoka kwenye klachi. Bakuli lilikuwa limegeuka rangi ya samawati kwa joto, na uso wa viatu unang'aa kama kucha iliyopakwa rangi. Viatu vilivyong'aa having'ati, vinateleza na kulia. Ile dawa ya mkebe ilikuwa imetapakaa kwenye puli zote mbili. Hili liliniuma sana, kwa sababu niliilipia. Belti ya kwadi hufanya kazi kwa kung'ang'ania chuma kikavu. Ukiipaka chochote cha utelezi, inanyamaza kwa muda huku inajiunguza.

Tena akasoma namba kwenye mgongo wa belti. Ilikuwa 835-20-30. Ya kwadi yangu ni 842-20-30: urefu milimita 842, upana 20, pembe 30. Gereji ya kwanza walinitilia fupi kwa milimita saba. Inaingia, inazunguka, lakini puli ya nyuma inalazimika kufunguka kabla ya wakati, na chombo kinaondoka kizito kama kiko gia ya juu. Juu ya mchanga na kasha la barafu nyuma, klachi ikaungua. Akaipima upana kwa kipimo chake: mpya ni 20, yangu kwa majuma yale machache ilikuwa imeshakuwa 18 na kidogo.

Hakuishia hapo, na hapa ndipo nilipomkubali. Aliuliza mchanga umeingiaje, maana chini ya kava ulikuwa umejikusanya kiasi cha kijiko. Puli ya mbele ina feni inayovuta hewa ya kupozea belti, na mpira wa kupitisha hewa hiyo ulikuwa na ufa uliojificha chini ya kiti. Kila siku nilikuwa naivutisha vumbi la Mayungu ndani ya klachi. Angebadilisha kila kitu na kuuacha ufa ule, ningerudi.

Belti ilibidi iagizwe Mombasa, ikaja na basi siku ya pili. Alisafisha puli kwa asetoni na kitambaa safi mpaka kitambaa kikatoka cheupe, akakwaruza viatu na bakuli kwa msasa, akatia rola na vipande vipya, akabadilisha mpira wa hewa. Belti akaifunga mshale ukielekea inakozunguka. Jumla, pamoja na nauli ya basi, 5,600. Akaniagiza kilomita hamsini za mwanzo niende polepole bila kujaza kasha, belti ikae vizuri kwenye puli, na nikivuka maji nishike mafuta kidogo nikiwa nyutro ili ijikaushe kabla ya kubeba mzigo.

Kasoro zake nazo nizitaje. Alisema siku moja, zikawa tatu, na siku hizo nilikodi mkokoteni. Gasketi ya kava ilichanika alipofungua, akaziba kwa silikoni badala ya kuagiza nyingine. Haivuji, ila nilipofungua mwenyewe mwezi uliofuata niliikwangua nusu saa nzima. Na hatoi risiti usipoidai.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu aitengeneze. Naondoka na kasha limejaa na sisikii kitu upande wa kushoto. Nilipofungua kava ndani mlikuwa na vumbi jeusi la belti tu, jembamba, hakuna mchanga. Kwadi naiosha kwa maji baridi ya kisima kila jioni kwa ajili ya chumvi, na ule mpira wa hewa nautazama kila Jumapili. Gasketi nimeshaiagiza.