Uchambuzi wa superiotool: Chaguo Chache, Kazi Nyingi

Karibuni tena watazamaji wangu, hapa Tabora. Leo tunaichambua superiotool, programu ya mradi wa coreboot (mradi huria wa programu ya kuwashia kompyuta) inayotambua chipu ya Super I/O kwenye madabodi, yaani ile inayohudumia kibodi, milango ya serial na, mara nyingi, feni.

Ukiiendesha bila chaguo lolote, ukiwa na mamlaka ya msimamizi wa mfumo, huishia kutaja mtengenezaji, jina la chipu, utambulisho wake na anwani inakopatikana. Tazameni kwenye skrini: ITE IT8712F, id=0x8712, 0x2e. Kwa mtu anayetaka kujua jina tu, hiyo inatosha.

Fundi, hata hivyo, ataihitaji -d, ambayo hutoa yaliyomo ndani ya rejista (vihifadhi vidogo vya mipangilio ndani ya chipu) kwa mistari ya idx, val na def, ili thamani iliyopo sasa isomwe juu ya ile ya kawaida ya kiwandani. Mteja akileta kompyuta ya dukani ambayo printa ya risiti iliyochomekwa kwenye serial haiitiki, ninakwenda kwenye sehemu ya COM1, yaani mlango wa kwanza wa serial, na kuiangalia rejista 0x30. Ikisoma 00, mlango wenyewe umezimwa, kwa hiyo kubadilisha waya ni kupoteza fedha; tunaingia BIOS (mipangilio ya kuwashia kompyuta) kuuwasha. Ikisoma 01, tunatazama 0x60 na 0x61, zinazoshika anwani ya mlango huo, ambazo kwa kawaida husoma 03 na f8.

Chaguo la -e huongeza rejista za ziada, zikiwamo za joto na feni, ila namba zake ni ghafi. Anayetaka nyuzi za joto atumie lm-sensors, programu ya kusoma vipimo vya joto na feni.

Ninalolithamini zaidi ni -V. Bila hilo, programu ikishindwa husema tu kwamba haikupata chipu, na hapo wengi hukata tamaa. Ukiliongeza, utaona kila familia ya chipu iliyojaribiwa pamoja na jibu lililorudi: 0xffff maana yake kwa kawaida hakuna aliyeitika, lakini namba nyingine yoyote inaweza kuwa chipu ambayo programu haijaifahamu bado. Sipendi kwamba -v ndogo huonyesha toleo tu. Herufi moja haipaswi kubeba tofauti kubwa hivyo.

Kwa hiyo, ukitaka msaada wa fundi mwenzako aliyeko Kigoma, andika superiotool -deV, elekeza matokeo kwenye faili, kisha mtumie faili zima, si picha ya skrini.